Nani ana mamlaka ya nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa kuhusu Bunge, Rais na Mahakama

Maswali haya nimeyakusanya katika vikao vya elimu ya uraia mitaani: Kisauni, Likoni, Majengo, Changamwe, na mara moja moja baada ya sala ya Ijumaa, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao. Nimeyaandika kama yalivyoulizwa. Majibu mengine nimeyarefusha, kwa sababu kikaoni muda haukutosha na muulizaji alienda zake hajaridhika.

Tukisema "serikali", tunamkusudia nani hasa?

Neno hili limetuchanganya kwa muda mrefu. Tunalitumia kwa dola nzima, tunalitumia kwa Rais na mawaziri wake, na mtaani tunalitumia hata kwa kanjo (askari wa kaunti) anayebeba mkokoteni wa muuza madafu. Katiba yetu ya 2010 imegawanya mamlaka kwa mihimili mitatu. Bunge hutunga sheria, hupitisha bajeti na huwahoji wanaotumia fedha. Rais, naibu wake na mawaziri hutekeleza. Mahakama hufasiri sheria na kuamua nani ana haki. Hapa nikisema Serikali Kuu, nina maana ya huo mhimili wa Rais peke yake.

Lakini kabla ya yote hayo kuna kifungu cha 1, ambacho huwa nawasomea watu kwa sauti: mamlaka yote ya utawala ni ya wananchi wa Kenya. Mihimili imepewa kuyashika kwa niaba yetu. Ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuiulizia.

Kwa nini tuyagawanye? Si mambo yangeenda upesi mtu mmoja akiamua?

Yangeenda upesi, na tumewahi kuyaona yakienda upesi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Seneti na serikali za majimbo. Ronald Ngala, mwana wa Pwani, alikuwa rais wa jimbo letu na mmoja wa waliosimama kidete kuutetea mfumo huo. Haukudumu. Mamlaka ya majimbo yalipunguzwa hatua kwa hatua, na kufikia mwisho wa 1966 hata Seneti ilikuwa imevunjwa na kuunganishwa na bunge moja. Mwaka 1982 sheria ikafanya chama kuwa kimoja. Mwaka 1988 Katiba ikabadilishwa ili Rais aweze kuwaondoa majaji kwa wepesi, na ulinzi wao haukurudi hadi 1990. Vyama vingi vilirudi mwishoni mwa 1991.

Tazama mpangilio wake. Hakuna siku moja ambayo Mkenya aliamka akaambiwa mihimili imekufa. Kila badiliko lilipita bungeni, likatiwa sahihi, likawa sheria halali. Ndiyo maana Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010 imeandikwa kwa tahadhari kubwa, vifungu 264, na mambo ya msingi kama mamlaka ya wananchi, uhuru wa Mahakama na muhula wa Rais hayabadiliki bila ya wananchi wenyewe kupiga kura.

Mbunge wetu hajatutengenezea mtaro. Je, amevunja sheria?

Swali hili niliulizwa Kisauni na mama mmoja aliyesimama akiwa ameshika kiatu mkononi, kimejaa tope jeusi hadi kisiginoni. Alikuwa amevuka mtaro uliofurika kuja kutusikiliza. Sikuwa na moyo wa kumjibu kwa vifungu, lakini jibu lenyewe ni muhimu, kwa hivyo nalitoa hapa.

Mtaro ule si kazi ya mbunge. Maji taka, taa za mitaani, takataka na barabara ndogo za ndani ni kazi ya kaunti. Aliyefaa kuulizwa kwanza ni mwakilishi wa wadi (Mombasa ina wadi 30), kisha gavana. Barabara kuu, kama ile ya kwenda Nairobi au Malindi, ni za Serikali Kuu. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria, kutuwakilisha, na kuisimamia Serikali Kuu inavyotumia fedha na mamlaka.

Mbona basi tunamwona mbunge akifungua madarasa na kutoa basari? Kwa sababu ya hazina ya maendeleo ya maeneo bunge. Mimi nina msimamo hapa na sitauficha: hazina hii imesomesha watoto wengi wa maskini Mombasa, na hapo hapo imetupotosha kuhusu kazi ya mbunge. Anayetunga sheria ya fedha, akaigawa fedha, kisha akaitumia, atamkagua nani? Mahakama ya Juu, iliyo juu ya mahakama zote, iliona hivyo hivyo Agosti 2022 ilipoitangaza sheria ya hazina hiyo ya 2013 kuwa kinyume cha Katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria ya 2015 iliyokuja baadaye nayo ina kasoro. Mzazi anayesubiri basari akiisikia habari hiyo hukasirika, na ninamwelewa. Basari inaweza kutolewa kwa njia nyingine. Mbunge anayesimamia wizara hatuna njia nyingine ya kumpata.

Bunge la Kitaifa na Seneti vina tofauti gani?

Bunge la Kitaifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wa kike 47 na wateule 12. Mombasa tunapeleka wabunge sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, pamoja na mwakilishi wa kike. Seneti ina maseneta 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, na wengine 20 wateule. Seneti hulinda kaunti na fedha zake. Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa.

Rais anaweza kuukataa mswada uliopitishwa na Bunge?

Anaweza kuurudisha. Ana siku 14: atie sahihi, au aurudishe akieleza kwa maandishi kasoro alizoziona. Bunge likitaka kumpinga kabisa linahitaji thuluthi mbili ya kura.

Juni 2024 tuliliona hili kwa macho. Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha tarehe 25, siku ile ile ambayo vijana waliingia ndani ya majengo ya Bunge Nairobi, na watu wakapoteza maisha. Barabara za Mombasa nazo zilijaa vijana wenye bendera na chupa za maji. Kesho yake Rais William Ruto alisema hautii sahihi, akaurudisha akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Wengi walidhani Rais "ameifuta sheria". Hakuna sheria iliyofutwa, kwa kuwa mswada usiotiwa sahihi haujawa sheria.

Kwa nini waziri hawezi kuwa mbunge?

Ili asijihoji mwenyewe. Mbunge akiteuliwa waziri lazima aache kiti. Na Rais akishateua, Bunge la Kitaifa humpiga msasa mteule: elimu yake, mali yake, kesi zake. Hassan Joho, gavana wetu wa kwanza, aliketi mbele ya kamati hiyo mwaka 2024 kabla ya kuwa Waziri wa Madini. Katika kundi hilo hilo, mteule mmoja wa uwaziri alikataliwa. Huwa natamani kukataa huko kuwe kwa kawaida zaidi, maana msasa usiokwaruza hauna kazi.

Je, Rais anaweza kumfuta jaji asiyempenda?

Hapana. Tume ya Huduma za Mahakama ndiyo inayowahoji na kuwapendekeza majaji, na Rais huwateua kama walivyopendekezwa. Kumwondoa jaji kunahitaji malalamiko kwa tume hiyo, kisha jopo maalumu la kumchunguza. Jaji Mkuu na naibu wake huidhinishwa pia na Bunge la Kitaifa.

Hata hivyo mhimili mmoja unaweza kuuchelewesha mwingine. Mwaka 2019 tume ilipendekeza majina 41; mmoja wao alifariki kabla ya kuteuliwa, wakabaki 40. Rais Uhuru Kenyatta hakuyateua. Juni 2021 aliteua 34, akawaacha sita, ingawa korti zilikuwa zimeshasema hana hiari ya kuchagua. Hao sita waliteuliwa na Rais Ruto Septemba 2022. Wakati wote huo majalada yalikuwa yakirundikana makortini, na mwenye kesi ya shamba au ya mshahara hakujua kwamba kesi yake inasubiri ugomvi wa wakubwa.

Majaji hawakuchaguliwa na mtu. Vipi wafute kura za mamilioni?

Swali zuri, na aghalabu huulizwa na aliyeshinda uchaguzi. Kesi ya kupinga ushindi wa Rais hupelekwa moja kwa moja kwa Mahakama ya Juu, ndani ya siku saba baada ya matokeo kutangazwa, na majaji wana siku 14 tu kuamua. Mwaka 2013 walikataa malalamiko. Tarehe 1 Septemba 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne dhidi ya wawili walibatilisha uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, tukarudi kituoni tarehe 26 Oktoba. Mwaka 2022 wakakataa tena, kwa sauti moja.

Majaji wale hawakumchagulia mtu Rais. Walichosema ni kwamba hesabu na taratibu hazikufuatwa, rudieni. Mamlaka ya kuchagua yalibaki kwetu. Na kuhusu sheria za Bunge, kifungu cha 165 kinaipa Mahakama Kuu kazi ya kuamua kama sheria inakwenda sambamba na Katiba. Ndivyo BBI, ule mpango wa kuibadilisha Katiba, ulivyokwama mwaka 2021, na Mahakama ya Juu ikaukatia kauli Machi 2022. Kuna nyakati mahakama hukosolewa na mahakama: Sheria ya Fedha ya 2023 ilifutwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba mwaka huo. Hilo halinitishi. Jaji aliye na mwenzake juu yake huandika kwa uangalifu.

Ile amri ya makontena yote kupanda treni, nani aliizuia?

Hapa Mombasa tuna la kusimulia. Serikali Kuu iliamuru shehena zinazoteremshwa bandarini zisafirishwe kwa reli mpya hadi Nairobi. Malori yalisimama. Mikahawa ya njia ya Changamwe na Miritini ilikosa wateja, mafundi wa tairi wakakaa wakizungumza, na wenye maghala wakaanza kuwaaga vibarua. Watu waliandamana siku za Jumatatu. Wengine walienda kortini.

Novemba 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu hapa Mombasa walisema amri ile inakiuka Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa, wakaisitisha hukumu yao kwa siku 180 ili serikali irekebishe mambo. Lakini mabadiliko makubwa yalikuja Septemba 2022, Rais mpya alipoapishwa na siku hiyo hiyo kutangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa.

Kwa hivyo ukiniuliza ni nani aliizuia, nitakwambia ni njia tatu zilizokwenda pamoja: barabara, korti na kura. Waliokuwa wakibishana ipi ina faida wangeokoa pumzi zao.

Tumeshinda kesi. Mbona hakuna kinachotendeka?

Kwa sababu jaji hana askari wake wala hazina ya kulipa. Hukumu dhidi ya serikali hutekelezwa na serikali hiyo hiyo, kwa fedha zinazopitishwa na Bunge. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mfumo wetu.

Angalia Owino Uhuru, kule Jomvu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu ya madini ya risasi, watoto wakaugua. Phyllis Omido aliyefanya kazi pale aliongoza wenzake kudai haki. Julai 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuzilaumu taasisi za serikali zilizofumbia macho. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia ile. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka hiyo, halafu kumbuka kwamba risasi haitoki mwilini kwa kusubiri rufaa.

Ukishinda, usiiweke hukumu kabatini. Mwandikie mbunge wako aulize bungeni ni lini itatengewa fedha. Hapo ndipo muhimili mmoja huusukuma mwingine.

Mahakama ya Kadhi iko chini ya nani? Ya Kadhi Mkuu au ya Jaji Mkuu?

Iko ndani ya Mahakama, mhimili ule ule. Kifungu cha 170 kinaitambua, na makadhi huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama kama mahakimu wengine.

Asili yake ni ya hapa Pwani. Mwambao wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Mwingereza, na katika makubaliano ya Oktoba 1963 ya kuunganisha mwambao na Kenya, mahakama za kadhi zilihakikishiwa kubaki. Leo Kadhi huamua mambo manne tu: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na ni lazima pande zote mbili ziwe Waislamu na ziridhie kwenda kwake. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja si wake, wala wizi.

Wengi hawajui kwamba uamuzi wa Kadhi unakatiwa rufaa Mahakama Kuu. Jaji hapo hasikilizi peke yake: hukaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Nimewaona kina mama waliopunjwa mirathi wakinyamaza miaka, wakidhani neno la kwanza ndilo la mwisho. Sivyo, ndugu zangu. Ila mwenye kutaka rufaa asichelewe, kwa sababu siku za kukata rufaa zina kikomo.

Feri ya Likoni ni ya kaunti au ya Serikali Kuu?

Fungua Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili. Katika kazi za kaunti utakuta vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Sasa simama pale kivukoni asubuhi, uone nani anaendesha: ni shirika la Serikali Kuu. Maandishi yanasema hivi na mazoea yanasema vile. Mabishano ya aina hii kati ya kaunti na Serikali Kuu huanzia kwenye mashauriano, kwa kuwa Katiba inazitaka pande mbili zijaribu kupatana kwanza, na yakishindikana ndipo huenda mahakamani. Mimi nasema lisemwe wazi, kwa sababu anayekwama katikati ya maji akiwa na mgonjwa ana haki ya kujua mlango wa kubisha.

Polisi wanaamrishwa na nani?

Inspekta Jenerali ndiye anayewaamrisha. Waziri anaweza kumpa mwongozo wa sera kwa maandishi, lakini hawezi kumwambia amkamate nani wala amchunguze nani. Kushtaki ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka, naye haelekezwi na yeyote.

Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu waliokuwa wakirudi nyumbani walipigwa na kutupiwa gesi ya machozi kivukoni Likoni kabla hata saa ya kafyu haijafika. Walikuwa wakisubiri feri. Hawakuwa na njia nyingine ya kufika kwao. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ilisema kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu iliyotumiwa na polisi kuisimamia ilikiuka Katiba. Hukumu ile haikumrudishia mtu meno yake. Lakini iliandika kwamba amri halali haimpi aliyeishika ruhusa ya kupiga.

Rais au naibu wake anaweza kuondolewa?

Ndiyo. Thuluthi moja ya Bunge la Kitaifa huanzisha hoja, thuluthi mbili huipitisha, kisha Seneti husikiliza mashtaka na kuamua, nayo kwa thuluthi mbili. Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, Seneti ikathibitisha tarehe 17, na Kithure Kindiki akaapishwa tarehe 1 Novemba. Kwa gavana, bunge la kaunti ndilo huanza, Seneti ikaamua.

Nani anazichunga pesa?

Msimamizi wa Bajeti huidhinisha fedha kabla hazijatoka. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huangalia zilivyotumika na kupeleka ripoti bungeni. Wote wawili hawako chini ya Rais. Ripoti za Mkaguzi ziko wazi kwa umma na zina sura ya kaunti yetu, zisomeni.

Mimi mtu wa kawaida, nianzie wapi?

Kama haki yako imevunjwa, kifungu cha 22 kinakupa ruhusa ya kwenda kortini mwenyewe au kwa niaba ya asiyeweza, na hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hiyo. Hata barua ya kawaida inaweza kupokewa ikilazimu. Kama unataka sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe, kifungu cha 119 kinakuruhusu kuandika ombi kwa Bunge. Lielekeze kwa Karani wa Bunge. Andika jina lako, anwani na sahihi. Eleza tatizo kwa aya chache. Sema ulishakwenda kwa nani na ulijibiwa nini. Sema kama jambo liko mahakamani au haliko. Malizia na unachotaka kifanyike, kitu kimoja au viwili tu. Kwa mambo ya kaunti, peleka kwa Karani wa bunge la kaunti.

Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri na tarehe mbele yako, urudi nayo nyumbani.